Kadi ya Grafiki kwa Mwenye Fedha Haba

Miongoni mwa bidhaa ambazo vijana wetu huzitafuta siku hizi kwa raghba kubwa na maarifa machache, naona kadi ya grafiki ya kompyuta ina mahali pake pa mbele. Kwani mtu akiisha kupata kompyuta ya mezani, ambayo aghalabu huwa ni ile iliyokwisha kutumika katika ofisi za Ulaya au za Ghuba na kuletwa kwetu kwa makontena, jambo la kwanza analolitamani ni kuipa uwezo wa kuchezea mpira na magari, na fedha aliyo nayo kwa jambo hilo huwa ni ya kuhesabu. Rai yangu, nami sitaificha, ni kwamba wengi wanaopata hasara katika biashara hii hawaipati kwa ufukara wa mfuko, bali kwa kuanza na jina la kadi kabla ya kulifungua kasha la kompyuta yao wenyewe na kusoma yaliyoandikwa ndani yake.

Tuichukue kompyuta moja iliyoenea, nayo ni Dell OptiPlex 9020 ya kasha jembamba. Ukiondoa kifuniko chake utakiona kifaa cha kugawa umeme, na juu yake imebandikwa karatasi isemayo wati 255, na hizo ni za kompyuta nzima, prosesa na diski na feni pamoja. Ukizifuata nyaya zake moja baada ya moja hutaikuta hata moja yenye kichwa cha pini sita, ambacho ndicho kadi nyingi za michezo hukidai. Lile tundu refu la PCI Express linalopokea kadi halikuruhusiwa kutoa zaidi ya wati 75, na uwazi wa nyuma ya kasha ni wa kimo kifupi, hata kadi ya kimo cha kawaida haiingii ijapokuwa itasukumwa kwa dua. Sasa mwenye kasha la namna hii akisikia sifa za Radeon RX 580, ambayo hula wati 185 peke yake, na akaenda kuinunua kwa sababu rafiki yake anayo, huyo amefunga tanga la jahazi juu ya mlingoti wa ngalawa.

Najua mafundi watanijibu kuwa dawa ipo, nayo ni ule waya wa kuunganisha unaochukua umeme wa diski, yaani wa SATA, na kuugeuza kuwa wa pini sita. Dawa hiyo naiogopa kuliko ugonjwa. Kichwa cha SATA kimewekewa kiwango cha wati 54 katika volti 12, ilhali kichwa cha pini sita kina ruhusa ya kudai 75. Na tofauti hiyo, mchezo ukipamba moto, hulipwa na plastiki ya kile kichwa, ambayo huanza kulainika, kisha ikanuka, na wako waliokwisha kuona moshi.

Baada ya umeme, kioo. Kile cha inchi 19 kilichotoka ofisini pamoja na kompyuta mara nyingi huonyesha nukta 1366 kwa 768, ambazo ni zaidi kidogo ya milioni moja, na cha 1920 kwa 1080 kina zipatazo milioni mbili; vyote viwili, vikiwa vya kawaida, hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde na si zaidi, kwa hiyo anayenunua kadi ya kutoa picha 140 kwa sekunde kwa ajili ya kioo kama hicho amelipia picha asizoweza kuziona. Na michezo yenyewe haina ukali sawa. GTA V, ambayo ilifika katika kompyuta mwaka 2015 na hadi leo haijachosha watu, watengenezaji wake waliipendekezea GTX 660 ya mwaka 2012. FC 24 ilitaka angalau GTX 1050 Ti. Kinyume chake, Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 hazikubali hata kufunguka katika kadi isiyo na vifaa maalumu vya kufuata miale ya nuru, hata kadi hiyo ikiwa na nguvu za kutosha kwa mengine yote.

Hapo ndipo tunapofika penye majina, na penye majina ndipo palipo na ghiliba. Mnunuzi huingia dukani Kariakoo au Luthuli Avenue, naye huambiwa, “Kaka, hii ni GB nne, inacheza gemu zote.” Hiyo GB nne ni kumbukumbu tu, wala haisemi lolote juu ya kasi ya kumbukumbu hiyo wala nguvu ya chipu iliyo nyuma yake; GT 730 yenye gigabaiti 4 za DDR3 hushindwa vibaya na GTX 1050 yenye 2 za GDDR5. Watengenezaji nao, ambao tungewatarajia kuwa na insafu zaidi, wameizoea tabia ya kulibandika jina moja juu ya bidhaa mbili. GT 1030 ilitoka kwanza na kumbukumbu ya GDDR5 ipitishayo gigabaiti 48 kwa sekunde, kisha mwaka 2018 ikaja nyingine ya DDR4 ipitishayo 16.8, na jina likabaki lile lile. GTX 1060 ya gigabaiti 3 haikupunguziwa kumbukumbu peke yake, bali na viini vya chipu pia, kutoka 1280 hadi 1152. RX 580 iliyoandikwa 2048SP, ambayo ilitengenezwa kwa soko la Uchina na sasa imetapakaa, ina viini 2048 badala ya 2304, na kwa hakika ni RX 570 iliyovishwa joho la mkubwa wake. Hizi zote ni halali mbele ya sheria, na muuzaji anaweza kuapa wala asiwe mwongo.

Ya haramu ni ile kadi kongwe, kama GTS 450 ya mwaka 2010, ambayo programu ya ndani yake hubadilishwa ili ikichomekwa ijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Ukitazama mkia wake, pale panapochomekwa waya wa kioo, utauona mlango wa VGA wa rangi ya buluu wenye matundu kumi na matano. Na ukoo wa Pascal, ambao ndio wa 1050 Ti ya kweli, haukupewa kabisa uwezo wa kutoa ishara ya VGA. Mlango huo peke yake unatosha kukutoa dukani. Akiwapo fundi mwenye GPU-Z, ambayo ni programu ya bure, basi yenyewe huitambua kadi ya namna hiyo na kuandika bayana kuwa ni ya bandia.

Kuhusu kadi za mtumba, hofu ya watu naiona imepita kiasi. Hadi Septemba 2022 sarafu ya Ethereum ilikuwa ikichimbwa kwa kadi kama hizi, zikifungwa pamoja na kufanya kazi usiku na mchana. Mfumo wake ulipogeuzwa, kazi hiyo ilikoma mara moja na kadi zikamwagika masokoni kwa bei ya kutupa. Chipu iliyofanya kazi kwa joto lisilobadilika haikuharibika kwa lazima. Kinachochoka ni feni, na uji wa kupitisha joto baina ya chipu na chuma cha kupozea, na vyote viwili fundi huvibadilisha kwa gharama ndogo.

Basi akiniuliza mwenye kasha jembamba, nitamwambia atafute GTX 1650 ya kimo kifupi isiyodai waya, au kama fedha inaruhusu RTX 3050 ya gigabaiti 6 iliyotoka mwaka 2024, ambayo hula wati 70 na inayo vile vifaa vya miale. Na kabla ya kulipa aupime kwa rula unene wa nafasi aliyo nayo, kwani nyingi za kadi hizo hukalia nafasi za matundu mawili. Mwenye kasha pana na kifaa cha umeme kilicho imara, naye nitampeleka kwenye RX 6600 ya mwaka 2021, yenye gigabaiti 8 na isiyozidi wati 132, maadamu prosesa yake si ile ya viini vinne vya miaka kumi na ushee, itakayoifanya kadi isubiri kazi. RX 6500 XT sitamshauri mwenye ubao wa zamani, kwa kuwa hutumia njia nne tu za PCI Express, na katika ubao wa kizazi cha tatu upana wa njia hizo hupungua kwa nusu. Arc B580 ya Intel ina gigabaiti 12 na sifa njema, lakini huihitaji Resizable BAR, yaani ruhusa ya prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, ambayo kompyuta zetu za ofisini hazikuzaliwa nayo. Kadi za ukoo wa Pascal, hizo 1050 Ti na 1060, zinunuliwe kwa bei ya chini kabisa ama ziachwe, kwani Nvidia ilitangaza kuwa draiva zake za michezo zingekoma Oktoba 2025, na baada yake yabaki marekebisho ya usalama peke yake.

Wafanyabiashara nao nina neno nao. Muuzaji wa redio akiuza redio huiwasha, na wa pasi huichomeka mpaka ishike moto. Sioni sababu ya kadi ya grafiki, ambayo bei yake ni mara nyingi ya hizo, kuuzwa ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kusindikizwa kwa kiapo. Iwekwe katika kompyuta ya duka, mchezo mzito uchezwe dakika 20, mnunuzi atazame joto na asikilize feni, na risiti iandikwe jina kamili la kadi na aina ya kumbukumbu yake, pamoja na siku za dhamana. Mzazi aliyeombwa fedha na mwanawe anayo haki ya kwenda naye na kulisisitiza hilo, hata kama hajui kompyuta. Na ikiwa baada ya hayo kuna chenji iliyobaki, isiende kwenye taa za rangi. Inunuliwe RAM ya pili ya kuchomekwa kando ya ile moja ambayo kompyuta nyingi za ofisi huja nayo, kwani prosesa husoma kwa upana maradufu kutoka mbili zilizolingana.