Ziwa liko chini, kiu iko juu

Mgeni afikaye Goma hushangaa: ziwa Kivu limejaa mpaka ukingoni mwa mji, nao akina mama na watoto wanapanda njia na bidoni za lita 20 mgongoni. Maji kukosekana hayakosekani. Yako chini, na watu wako juu. Tena mji umejengwa juu ya mawe ya volkano Nyiragongo: mvua huzama humo kama katika chujio, na kuchimba mfereji wa bomba ni kazi ya nyundo.

Kwa hiyo mashine huyasukuma maji toka ziwani, hutiwa klori, hupandishwa katika matangi vilimani, ndipo hushuka kwa uzito wake mpaka mitaani. Tarehe 22 Mei 2021 moto wa mlima uliharibu tangi na mabomba. Watu kama nusu milioni wakakosa maji safi. Januari 2025, wakati wa vita, umeme ulikatika, mashine zikanyamaza, watu wakarudia maji mabichi ya ziwa, na kipindupindu hakiko mbali nayo.

Mji umekua upesi, hasa kwa wakimbizi wa vijijini. Wakubwa huhesabu mashine na matangi ya kuongezwa, ni haki. Wahesabu pia hatua toka bomba la mwisho mpaka mlangoni, kwa maana hulipwa na msichana aliyepaswa kuwa darasani. Nanyi akina baba wenye chukudu, ni sheria gani iliyosema bidoni ni mzigo wa wanawake?