PICHA HAINA UZITO! MLANGUZI WA RUPIA ASITUPANGIE DARAJA

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote wa Kasoli,

Habari hii tumeiandika kwa herufi kubwa ili hata mzee mwenye macho mabovu aisome, na asiyejua kusoma asomewe na mjukuu wake. Kuna ulanguzi mpya umeingia kijijini. Hauji na lori wala mizani iliyochezewa. Unakuja na simu.

Mwezi uliopita mayu mmoja wa hapa hapa alifungua kopo aliloachiwa na marehemu mumewe. Mlikuwa na rupia saba za Mjerumani. Alitaka fedha ya kumtibu mjukuu. Akaja kijana wetu mmoja, mtoto wa hapa, akazipiga picha sita usiku, ndani ya nyumba, kwa mwanga wa koroboi, akazirusha kwa mnunuzi wa mjini ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyepata kumwona uso. Ugali haujaiva, jibu likarudi: eti zimechakaa, daraja la mwisho, elfu tano tano. Rupia sita zikaondoka kwa shilingi elfu thelathini.

Na hapa tuseme kweli, maana ubao huu si wa kuwasema wengine tu. Mayu alituita tumsomee ule ujumbe. Tukausoma, tukamwambia, "Mnunuzi ndiye anayejua, uza tu mama." Sisi Katibu wa Tawi, tuliojifunza kusoma ukubwani katika darasa la elimu ya watu wazima, tulisoma herufi zote na uongo uliokuwamo hatukuusoma. Ndiyo maana tumekwenda kuuliza na kusoma, na leo tunaandika.

Kwanza tuulizane. Kila mkulima hapa anajua pamba safi na pamba fifi. Nani kati yenu angeipiga picha pamba yake, aitume kwa mnunuzi Mwanza, kisha akae kusubiri aambiwe kama ni safi au fifi? Si tungemwona ana wazimu? Pamba inashikwa, inavutwa kwa vidole, inatazamwa doa na majani makavu, kisha inapanda mizani mwenyewe ukiwa umesimama pale. Wazee wetu walipigania jambo hilo. Zamani mnunuzi ndiye aliyeshika mizani, ndiye aliyetaja daraja, na ndiye aliyetaja bei. Mkulima alibaki kukunja gunia. Ndipo wakulima wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Ndugu Paul Bomani, wakaunda vyama vyao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikawa na chombo chao kikuu, Victoria Federation of Co-operative Unions. Walitaka mtu wao asimame kwenye mizani. Leo watoto na wajukuu wa watu wale tunampa mlanguzi mizani, daraja na bei kwa picha moja ya gizani!

Sasa tuitazame rupia yenyewe. Rupia moja ya Mjerumani, kuanzia zile za kampuni yao za mwaka 1890 zenye simba na mnazi, mpaka zile za serikali yao za 1904 hadi 1914, ina uzito wa gramu 11 na nusu na kidogo. Katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, sehemu 917 ni fedha halisi, ile ya vikuku. Basi ndani yake mna zaidi ya gramu 10 za fedha. Hata ikiyeyushwa na sonara ikawa donge, isibaki sura wala mwaka, fedha yake peke yake inapita hiyo elfu tano mara kadhaa. Mlanguzi analijua hilo. Neno "imechakaa" ni la kukufanya usiulize uzito, na picha, ndugu zangu, haina uzito. Huwezi kuiweka kwenye mizani, huwezi kuigonga juu ya jiwe ukasikia mlio wake, huwezi kuisogezea sumaku. Fedha haishikwi na sumaku, na rupia inayonaswa nayo ni bandia. Picha haikuambii.

Tena uchakavu wenyewe una mahali pake pa kutazama. Kaiza Wilhelm yule amevaa kofia ya chuma yenye ndege tai juu. Sarafu ikipita mikononi mwa watu, panapoinuka ndipo panapolika kwanza: manyoya ya tai, shavu, masharubu. Kama manyoya ya tai bado yanahesabika, hiyo haijachakaa. Kama tai amekuwa kibonge laini, hapo imetembea sana. Lakini piga picha gizani, au mwanga uje moja kwa moja kutoka mbele, tai mzima ataonekana kibonge, na mikwaruzo halisi itafichika. Mwanga ukitokea ubavuni, asubuhi nje, kila kitu kinajitokeza. Kwa hiyo mpiga picha anaweza kuipandisha au kuishusha sarafu ile ile moja apendavyo. Rupia ya saba tumeitazama mlangoni saa mbili asubuhi. Tai wake ana manyoya. Ilitoka kopo moja na zile sita "chakavu".

Hatusemi picha haifai kabisa. Inafaa kusoma mwaka, na ile herufi ndogo iliyoanza 1904, A ya Berlin au J ya Hamburg. Inafaa pia kwa shilingi zetu za simba za wakati wa Mwingereza. Za 1921 hadi 1946 robo yake ni fedha, na kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe. Hapo soma mwaka tu, imekwisha. Daraja ni jambo lingine. Huko Marekani wana kipimo cha namba 1 hadi 70, kilichoanzishwa na bwana mmoja Sheldon mwaka 1949, na kampuni kubwa za kupanga madaraja zipo tangu miaka ya 1980. Nazo zinadai sarafu yenyewe iletwe, ishikwe, itazamwe na zaidi ya mtu mmoja. Watu wenye mitambo yote hiyo wanataka sarafu mkononi. Huyu wetu wa mjini ana macho gani?

Kosa lingine ni letu wenyewe. Acheni kusugua! Majivu, mchanga, stilwaya, dawa ya meno, vyote hivyo vinakwaruza. Weusi wa fedha unatokana na hewa na jasho, si ugonjwa, na wakusanyaji wanaupenda kuliko mng'aro wa kusugua. Waliotoboa rupia ili wavae shingoni hatuwagombezi, hilo ni pambo lao, ila wajue daraja limeshuka.

Na wale wanaozunguka wakisema ndani ya hela ya Mjerumani mna zebaki ya mamilioni, toa kwanza pesa ya kupimia: fukuza! Hao hao ndio wenye picha ya dhahabu ya tembo. Kweli ilikuwako, rupia 15 ya dhahabu, iliyogongwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli. Kuwa na picha yake si kuwa nayo.

Basi tumekubaliana na Mwenyekiti wa ushirika hivi. Jumamosi, pamba ikiisha kupimwa, mwenye sarafu aje nayo ofisini mchana kweupe, asiisugue. Tutakuwa na mizani ndogo ya sonara na sumaku. Uzito, mwaka na hali vitaandikwa kwenye daftari mbele ya mwenyewe, naye ataondoka na sarafu yake. Mnunuzi anayeitaka aje yeye mwenyewe Kasoli, atupe mkono, aishike.

Kijana aliyepiga picha zile tunamjua, naye anajua tunamjua. Hatutaandika jina lake hapa. Anayo namba ya yule mnunuzi. Ailete kabla ya Jumamosi.

Katibu wa Tawi