Ni Nini Kinachouma?

Matatu yetu ya kuelekea Ngong ilikuwa imefika Matasia dereva alipofungulia wimbo "Inauma" wa Bien-Aimé Baraza. Mama mmoja akatikisa kichwa, akasema kweli karo inauma. Kijana aliyeketi kando yake akacheka. Yeye alikuwa akiwaza mapenzi.

Itakumbukwa kwamba wimbo huo wa 2022 ulitangulia albamu ya kwanza ya Bien akiwa peke yake, "Alusa Why Are You Topless?", iliyotoka 2023, mwaka ambao kundi la Sauti Sol lilifanya maonyesho yake ya kuaga. Wapo walimu wenzangu wanaoilaumu albamu hiyo kwa jina lake la Kiingereza na kwa kuchanganya ndimi. Jina hilo sitalitetea. Lakini je, tumemsikiliza msikilizaji?

Hebu tulitazame neno lenyewe. Kiambishi i- kwa kawaida hudai nomino: sindano inauma, baridi inauma. Hapa nomino haipo. Sarufi yetu huiruhusu i- isiyo na mwenyewe, kama katika "inafaa" au "inasemekana", na pengo hilo hujazwa na anayesikia. Mama yule alilijaza kwa karo, kijana kwa mpenzi. Wote wawili walikuwa wakichanganua sentensi, tena bila chaki.

Juma lililofuata niliwapa wanafunzi wangu zoezi hilohilo. Mmoja akauliza iwapo litatahiniwa. Nilipomjibu kwamba litatahiniwa, ukumbi mzima ulinyamaza, kalamu zikaanza kutafutwa.