Kuogopa, Kuogofya na Kuogopana

Miongoni mwa sinema za kutisha zitokazo Marekani na Kanada, ipo aina moja ambayo vijana wetu wameizoea mno. Mji huwa mdogo, siku huwa ya sherehe, na muuaji aliyejificha nyuma ya kinyago huwaangamiza watu mmoja baada ya mwingine. "Black Christmas" ya mwaka 1974 ilichagua Krismasi. "Halloween" ya John Carpenter, iliyotoka 1978, ilichagua usiku wa Oktoba 31 katika mji wa kubuni uitwao Haddonfield. Mwaka 2023, Eli Roth naye akatoa "Thanksgiving", ambamo muuaji anauhangaisha mji wa Plymouth katika majira ya sikukuu ya shukrani.

Wapo wazazi na walimu wanaotaka sinema hizi zipigwe marufuku. Wapo pia wanaosema kwamba huo ni mchezo tu, na kwamba hata bibi zetu walitusimulia ngano za mazimwi. Nionavyo mimi, pande zote mbili zimeliruka swali lililo muhimu zaidi: sinema hizi zinamfundisha mtazamaji nini kuhusu hofu, na je, fundisho hilo linamfaa mwanafunzi wa Diff?

Diff ni mji mdogo wa Wajir Kusini, mpakani mwa Kenya na Somalia. Kijana wa huko hawezi kuitazama sinema ya aina hii kwa macho ya kijana wa Chicago. Yule wa Chicago huwasha taa, hofu ikaisha. Huyu wa Diff anaishi katika eneo ambalo mauaji ya msimu wa likizo yalikwisha kutokea kweli. Novemba 22, 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa na wapiganaji wa Al-Shabaab. Abiria 28 walitengwa na wenzao kwa misingi ya dini, wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu waliofunga shule na kurejea makwao kwa likizo ya Desemba. Aprili 2, 2015, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wahenga walinena: mwenye kovu usidhani kapoa.

Hapa sarufi ya Kiswahili yaweza kutusaidia. Tunacho kitenzi "ogopa". Kikinyambuliwa katika kauli ya kutendesha, twapata "ogofya", na katika kauli ya kutendana, "ogopana". Kuogopa ni hali ya nafsi, wala si aibu. Kuogofya ni kazi: lazima awepo mtu anayeifanya, na aghalabu ana faida anayoitafuta. Mtengenezaji wa sinema hutafuta fedha. Gaidi hutafuta jambo la tatu, yaani kuogopana. Anataka jirani amshuku jirani, mwalimu mgeni amkimbie mwanafunzi mwenyeji. Waama, mapema mwaka 2020 walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka Garissa, Wajir na Mandera baada ya mashambulizi. Walikuwa na haki ya kuogopa. Aliyebaki darasani bila mwalimu ni mtoto ambaye hakumuogofya mtu yeyote.

Sinema za sikukuu, zitazamwapo bila mwongozo, huifuata njia hiyo hiyo ya kuogopana. Mara nyingi kinyago kinapovuliwa, muuaji huwa ni mtu wa mji ule ule, kana kwamba kikulacho daima ki nguoni mwako. Anayenusurika aghalabu ni mmoja, yule ambaye mtaalamu Carol Clover alimwita "msichana wa mwisho". Fundisho lake ni kwamba usimwamini mtu, na kila mmoja ajiokoe mwenyewe.

Kaskazini Mashariki kwenyewe kuna kisa kinachokanusha fundisho hilo. Desemba 21, 2015, siku nne kabla ya Krismasi, basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak. Wauaji walitaka abiria wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Waislamu walikataa. Wanawake wakawapa wenzao mitandio ili wajifunike. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa waliokataa, alipigwa risasi, na akafariki Januari 2016. Abiria wale waliogopa, bila shaka, lakini hawakuogopana. Walisitiriana. Kisa hicho kilitengenezewa filamu fupi, "Watu Wote", ambayo mwaka 2018 ilikuwa miongoni mwa zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Kwa hiyo sioni kwamba marufuku itatufaa. Sheria ya filamu, Sura ya 222, ipo, na Bodi ya Kuainisha Filamu huziwekea sinema madaraja ya umri. Lakini daraja la 18 haliwezi kumzuia mtoto mwenye simu mkononi. Anayeweza kumfikia ni mwalimu wake. Mwalimu wa fasihi wa kidato cha tatu awaulize wanafunzi kuhusu sinema waliyokwisha kuitazama: Ni nani anayeogofya? Anafaidika na nini? Wahusika hawa wangewezaje kusitiriana, na kwa nini mwandishi hakuwapa nafasi hiyo? Kisha awape kazi ya kutunga mchezo wao wenyewe kuhusu mji mdogo na sikukuu yake, iwe Idi au Krismasi. Tamasha la kitaifa la drama na filamu la shule lipo, na hadithi ya namna hiyo inastahili kufika huko.

Ikiwa hatutafanya hivyo, watoto wa Diff wataendelea kusimuliwa hofu yao na watu wasiowahi kuijua.