Kikapu cha Kasigau na mtihani wa hataza

Wadau, leo tuweke programu kando, tuzungumzie hataza. Tuseme mtu anaomba hataza ya njia ya kutia rangi nyuzi za mkonge, na kumbe akina mama wa Rukanga na Bungule, chini ya mlima Kasigau, wameitumia miaka nenda miaka rudi bila kuiandika popote. Je, huo ni uvumbuzi?

Inategemea unauliza ofisi gani. Swali la msingi ni moja: je, kwa fundi wa kazi hiyo, jambo hili lilikuwa wazi? Ulaya, mkaguzi hutafuta kazi ya awali iliyo karibu zaidi, hutaja tatizo lililobaki, kisha hujiuliza kama fundi angelitatua hivyo, si kama angeweza tu. Marekani, hukumu ya KSR dhidi ya Teleflex ya 2007 ililegeza kipimo: kuunganisha vitu vinavyojulikana ili kupata matokeo yanayotarajiwa hakutoshi. Kenya nayo, kwa sheria ya 2001, inadai hatua ya uvumbuzi, ingawa ina pia cheti cha uvumbuzi mdogo, cha miaka 10, kisichodai hatua hiyo.

Lakini kwa maoni yangu, tofauti iliyoumiza watu ni nyingine: nini kinahesabiwa kuwa kinajulikana tayari? Mpaka Machi 2013, Marekani haikuhesabu matumizi ya nchi za nje yasiyoandikwa. Hataza ya kutibu vidonda kwa manjano, iliyotolewa 1995, ilifutwa baada ya Wahindi kuleta maandishi. Ulaya, ambako matumizi nayo ni ushahidi, hataza ya dawa ya kuvu ya mwarobaini ilifutwa 2000, na rufaa ikatupwa 2005.

Leo sheria zimekaribiana, ila mkaguzi bado anatafuta kwa kompyuta. Asichokiona, kwake hakipo.

Sheria ya Kenya ya 2016 kuhusu maarifa ya jadi inazipa kaunti kazi ya kuweka rejista. Taita Taveta wangeanza na vikapu, na sisi watengenezaji programu tunaweza kusaidia. Tahadhari moja: tusimwage kila kitu kwenye intaneti. Kuchapisha kunazuia hataza, hakuzuii kuigwa. India iliwafungulia wakaguzi hifadhi yake kwa mkataba wa kutunza siri. Tufuate njia hiyo, na akina mama wenyewe waamue kipi kiingie.