Nani Alilitia Neno 'Ndoa' Katika Kauli ya Waandamanaji?

Mwamba ngoma, wahenga walinena, huvutia kwake. Katika mjadala wa ndoa za jinsia moja nchini Kenya, ngoma inayowambwa ni neno, nao wawambaji wako pande zote mbili. Makala haya yanashikilia kuwa neno 'ndoa' halikuwa dai kuu la waandamanaji wa Kenya. Walitiliwa vinywani, na jambo hilo limewagharimu.

Nchini Marekani, ndoa ilidaiwa waziwazi. Waandamanaji walikariri kuwa mapenzi ni mapenzi, takriri isiyotoa hoja bali inayomnyima mpinzani mahali pa kuishika, hadi Mahakama ya Juu ilipoziruhusu ndoa hizo nchini kote tarehe 26 Juni 2015. Kenya mambo yalikuwa mengine. Mnamo Februari 2014, waandamanaji walijitokeza jijini Nairobi kupinga mswada wa Uganda dhidi ya ushoga, baadhi yao wakiwa wamevaa vinyago. Kinyago chenyewe kilikuwa hoja: kilitangaza bila sauti kwamba mwenye uso ule hakuthubutu kuuonyesha. Kampeni iliyofuata ilijikita katika nambari, 162, yaani kifungu cha Kanuni ya Adhabu kinachotoa adhabu ya hadi miaka 14 gerezani. Dai lilikuwa kutofungwa jela, wala si kufunga ndoa.

Hata hivyo, Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi tarehe 24 Mei 2019, iliegemea pia Ibara ya 45 ya Katiba ya 2010, inayompa kila mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Walalamishi walikuwa wameeleza kwamba hawakuomba ndoa. Majaji waliona maelezo hayo hayana uzito, kwa kuwa kukifuta kifungu kungewawezesha kuishi pamoja kama wanandoa. Hivyo dai ambalo halikutolewa likasaidia kuliangusha lile lililotolewa.

Watetezi nao hawakosi lawama. Wapo wanaoitaja desturi ya Wanandi ya mwanamke kumwoa mwanamke, iliyotambuliwa na Mahakama Kuu ya Mombasa mwaka 2011 katika kesi ya urithi, kana kwamba inathibitisha uhalali wa mahaba ya jinsia moja. Desturi hiyo inahusu kupata mrithi. Inachothibitisha ni jambo jingine: kwamba 'kuoa' na 'kuolewa' ni vitenzi vinavyofuata nafasi ya mtu katika jamii, wala si maumbile yake pekee. Ushahidi ukivutwa kupita kiasi, ngozi ya ngoma hupasuka.

Msikilizaji wa Myanga, katika Kaunti ya Bungoma, asiye mbali na mpaka wa Uganda, hufikiwa na kelele za nchi mbili. Tarehe 24 Februari 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kuwa watu hao wana haki ya kusajili chama chao. Majaji waliamua kuhusu kujumuika. Kelele zilizofuata zilijaa ndoa. Msikilizaji huyo atajuaje kilichoamuliwa ikiwa wenye taaluma ya lugha wamenyamaza?

Mtu ana uhuru wa kuziunga mkono au kuzipinga ndoa hizo. Hana uhuru wa kujibu lisilosemwa. Mwanafunzi wa Kiswahili, kabla ya kushika upande, na aulize kwanza: neno hili limetoka kinywani mwa nani?