Mawese ya Simbo yanatafuta nini Mwanga?

JICHO LA ZIWA
Na Bilali Kahamba

Barabara ya Kalya na Ilagala inaishia Simbo, na hapo mihogo, mawese na dagaa wa kusini hushika njia ya mjini Kigoma bila kikwazo. Kasheshe huanza Mwanga, hapo mjini, hasa jioni. Bajaji inashusha abiria katikati ya njia, bodaboda zimejaa ukingoni, na fuso linarudi nyuma likitafuta pa kushusha mzigo.

Wapo watakaocheka: Kigoma nako kuna foleni?

Dar es Salaam nako walicheka hivyo zamani. Mji ukaachwa utambae kufuata barabara za Kilwa, Nyerere, Morogoro na Bagamoyo, zote zikielekea katikati, na dawa ilipokuja ikawa ghali: mabasi ya mwendokasi mwaka 2016, daraja la Mfugale pale Tazara 2018, la Kijazi pale Ubungo 2021. Madaraja yamesaidia palepale yalipo. Makutano ya mbele yakabaki na msongamano wake. Tena askari akiziacha taa na kuruhusu upande mmoja kwa muda mrefu, mkia wa magari ya upande mwingine hufika makutano ya nyuma ukayaziba nayo. Hilo halitibiwi kwa zege.

Kigoma mgongo ni mmoja tu, kutoka stesheni ya reli kupanda Mwanga hadi Ujiji. Ukizibwa huo, mji umesimama. Na mizigo haitapungua: bandari inahudumia Burundi na Kongo, na mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022.

Sasa, mfanyabiashara wa Kasulu au Tabora anayefuata mawese ana haja gani ya kuingia Mwanga? Angepakia Simbo akageuza. Kinachotakiwa ni soko la jumla na uwanja wa maroli, wakati viwanja bado vipo. Mizigo ya mjini kwenyewe ipangiwe usiku na alfajiri, na bodaboda zipewe vijiwe nje ya lami.

Ugumu uko ofisini. Simbo ni ya Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, Mwanga ni ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji, na ushuru wa soko kila upande unautaka. Madiwani wa pande zote mbili wakae kikao kimoja, wagawane huo ushuru, na uwanja wa Simbo upimwe kabla haujauzwa vipande vipande.